Herufi A, Kidole Kidogo na Kibodi Yako

Ukiingia steshenari hapa Songea, hebu angalia kibodi ya yule dada anayewachapia watu barua za maombi ya kazi. Kitufe gani kimefutika maandishi? Niliyoiona mimi, A ilikuwa imefutika kabisa. Kwa nini A? Jibu linatupeleka Marekani, miaka 150 nyuma.

Christopher Latham Sholes wa Milwaukee alipata hataza ya taipureta mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaanza kuuza mashine yake mwaka 1874, na hataza ya 1878 ina mpangilio wa QWERTY unaokaribia kabisa wa leo. Wengi husimulia kwamba alitenganisha herufi ili vyuma visigongane. Wengine wanasema mafundi wa telegrafu ndio waliochangia. Wanahistoria bado wanabishana. Ila lugha iliyokuwa mezani pale ilikuwa Kiingereza.

Sasa chapa hii: "Wakulima wanapanda mahindi na kahawa." Herufi 32, A ziko 11, E hakuna hata moja, wakati kwa Kiingereza E ndiyo inayoongoza! Na A yetu inabonyezwa na kidole kidogo cha kushoto, ambacho hakina nguvu. Usidhani kuhama mpangilio kutakuokoa. August Dvorak alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936, akahamisha karibu kila herufi, lakini A akaiacha palepale.

Basi, kama A haihami, chagua kibodi itakayokiokoa kidole chako. Hili si la wacheza gemu tu. Matangazo ya kazi za makatibu muhtasi serikalini yamekuwa yakitaka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika, na kilichonukuliwa lazima kichapwe. Kasi ni ajira.

Ukifika dukani, fanya hivi:

Kwanza, soma mpangilio. Kompyuta za mtumba kutoka Ulaya zina mambo yake. Kibodi ya Kifaransa imeipandisha A mahali pa Q. Ya Kijerumani imebadilishana Z na Y, kwa hiyo ukichapa bila kuangalia, "kazi" inakuwa "kayi". Unaweza kurekebisha kwenye kompyuta, lakini maandishi ya vitufe yatabaki yakikudanganya.

Pili, uliza kilichopo chini ya vitufe. Kibodi nyingi za bei nafuu zina mpira, na kitufe hukubali ukikibonyeza karibu hadi mwisho. Za mekanika zina swichi na springi kwa kila kitufe, na nyingi hukubali kabla hujafika chini. Bei imechangamka, ila kidole hakichoki haraka.

Tatu, usikubali kununua ikiwa kwenye boksi. Ichomeke, papasa vile vinundu vya F na J, funga macho, chapa "wanapanda" mara kumi. A ikikwama au ikijirudia yenyewe, mwambie muuzaji alete nyingine.