Likizo na watoto: Njia tatu za gari kutoka Bukoba na Muleba, na mahali pa kulala

Shule zikifungwa Juni na Desemba, familia nyingi za Bukoba na Muleba huulizana swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi wakacheze? Kagera ina ziwa, visiwa na hifadhi, lakini haina bustani kubwa ya michezo yenye mabwawa ya kuteleza na mabembea ya umeme. Hizo ziko Dar es Salaam na Kampala. Mwanza nako kuna wanyama na michezo ya ziwani.

Wengi hukosea kwenye kupanga njia. Familia inachagua mahali kwanza, inahesabu kilomita, halafu baba anasema "tutapiga mwendo usiku kucha tufike". Hapo ndipo hatari inapoanza. Njia nzuri hupangwa kwa saa ambazo watoto wanaweza kukaa kwenye gari na mahali pa kulala kabla giza halijaingia.

Hesabu rahisi: kwenye barabara zetu za lami, ukijumlisha matuta, vijiji, trafiki na kuchimba dawa, gari lenye watoto huenda wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kilomita 300 ni saa tano. Kilomita 600 ni saa kumi, na hiyo tayari ni siku nzima.

Hizi hapa njia tatu. Umbali uliotajwa ni wa makadirio kuanzia Bukoba mjini. Wa Muleba wapunguze kama kilomita 65 kwa safari za kusini, na waongeze hizo hizo kwa safari ya Kampala.

1. Kampala na Entebbe: siku moja, lakini kuna mpaka

Umbali: karibu kilomita 300.

Njia: Bukoba – Kyaka – Mutukula – Masaka – Kampala.

Kwa Bukoba, hii ndiyo bustani ya michezo iliyo karibu zaidi. Kutoka mjini hadi Mutukula ni kama kilomita 80. Kituo cha Mutukula ni cha huduma za pamoja tangu 2017, yaani taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa upande mmoja. Ukitoka saa 12 asubuhi, mchana unaweza kuwa umepita Masaka.

Raha ya njiani ni Kayabwe, kama kilomita 70 kabla ya Kampala, ambako barabara inakatiza mstari wa Ikweta. Watoto wanapiga picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Pia ni pa kunyoosha miguu na kula.

Ukifika Busega, usiingie katikati ya jiji bila sababu. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018 na ambayo hulipiwa tangu 2022. Tawi moja linakwenda Entebbe, kwenye bustani ya wanyama iliyo kando ya ziwa. Tawi lingine linatokea Munyonyo, ambako si mbali na Kansanga kwenye bustani ya michezo ya Wonder World. Ukitumia barabara hiyo unaikwepa foleni ya Kampala.

Cha kuandaa kabla:

- Hati ya kusafiria kwa kila mtu, mtoto mchanga naye. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Asiye na pasipoti aulize Uhamiaji kuhusu hati ya muda ya Afrika Mashariki.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.
- Kadi halisi ya gari. Kama gari si lako, beba barua ya ruhusa ya mwenye gari.
- Bima inayotambulika nje ya nchi, ile inayoitwa kadi ya njano. Bima ya kawaida inaishia mpakani.
- Barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja au na shangazi.

Uganda wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo dereva hahangaiki. Anayefikiria kwenda Kigali kupitia Rusumo akumbuke kwamba Rwanda wanaendesha kulia.

2. Mwanza: siku moja, bila mpaka

Umbali: karibu kilomita 400.

Njia: Bukoba – Muleba – Kyamyorwa – Chato – Geita – Sengerema – Mwanza.

Kilichobadilisha safari hii ni daraja la Kigongo–Busisi, rasmi Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilomita 3. Zamani familia ilifika Busisi ikapanga foleni ya kivuko, na kukiwa na msongamano saa mbili zinaondoka hivi hivi. Sasa ni dakika chache, na watoto wanaliona ziwa dirishani.

Kwa wakazi wa Muleba, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Ukitoka saa 12 asubuhi, saa 8 au 9 mchana uko Mwanza na bado kuna mwanga.

Mwanza si mji wa mabembea makubwa, lakini kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Inafaa hata kwa mtoto wa miaka minne. Wenye siku moja zaidi wanaweza kufika lango la Ndabaka la Serengeti, kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, kama kilomita 140 kutoka jijini. Beba kitambulisho: Mtanzania analipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni.

Kuna pia kituo cha njiani ambacho wengi hukipita bila kujua. Upande wa Muganza, wilayani Chato, kuna boti za kwenda Rubondo, hifadhi ya kisiwa iliyoanzishwa 1977 na yenye sokwe. Boti na malazi hupangwa mapema. Usifike ufukweni ndipo uanze kuulizia.

Kama kuna mtoto anayetapika sana kwenye gari, uliza bandarini Bukoba au Kemondo ratiba ya meli ya Mwanza. Familia nyingine humtuma mama na watoto kwa meli, gari likapita barabarani na dereva mmoja, wakakutana Mwanza.

3. Dar es Salaam: siku tatu, wala si mbili

Umbali: zaidi ya kilomita 1,400.

Njia: Bukoba – Muleba – Biharamulo – Lusahunga – Nyakanazi – Kahama – Nzega – Singida – Dodoma – Morogoro – Dar es Salaam.

Hii ndiyo safari watoto wanayoiota. Kule kuna Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji kaskazini mwa jiji, na Fun City upande wa Kigamboni. Ndiyo pia safari inayoumiza watu, kwa sababu madereva wanataka kuimaliza kwa mkupuo mmoja.

Igawe hivi:

- Siku ya 1: Bukoba – Kahama, kama kilomita 420. Lala Kahama, mji mkubwa wenye nyumba za wageni za kila bei. Familia ya Muleba ikitoka mapema inaweza kusogea hadi Nzega.
- Siku ya 2: Kahama – Dodoma, karibu kilomita 600. Hii ndiyo siku ngumu. Kula mchana Singida. Ukiona saa 10 jioni bado uko Singida, lala hapo hapo.
- Siku ya 3: Dodoma – Dar es Salaam, kama kilomita 450.

Sehemu mbili zinahitaji macho zaidi. Ya kwanza ni mapori ya Biharamulo. Miaka ya nyuma mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Hali imebadilika sana, lakini mtandao wa simu bado unakatika katika baadhi ya maeneo, vijiji viko mbali mbali na mbung'o wanaingia dirishani. Pita mchana, tangi likiwa limejaa.

Ya pili inaanzia Lusahunga. Hapo unaingia kwenye barabara ya malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Kuanzia hapo dereva wa Kagera aliyezoea barabara tulivu anakutana na msururu wa semi-trela. Ajali nyingi za barabara za aina hii hutokana na kulipita lori mahali pasipoonekana mbele. Kukaa nyuma ya lori dakika kumi hakuchelewesshi likizo.

Ujanja wa Dodoma: gari lipumzike, wapande SGR

Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza 2024, na inakatiza kipande hicho kwa chini ya saa nne, wakati gari linachukua saa saba au nane.

Hesabu ya familia ya watu wanne, wazazi wawili na watoto wawili wa kati ya miaka 4 na 12:

- Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa huduma ilipoanza ni Sh31,000 kwa mtu mzima na Sh15,500 kwa mtoto. Jumla ni Sh93,000 kwenda tu. Mtoto chini ya miaka 4 halipi.
- Gari linalokula lita moja kwa kilomita 10 linahitaji lita 45 kwa kipande hicho. Tuseme lita ni Sh3,000: jumla Sh135,000 kwenda tu.

Ongeza gharama ya kuegesha gari Dodoma mahali salama na usafiri wa ndani ya Dar. Hata kama pesa zitalingana, dereva amepumzika siku mbili na watoto wamepanda treni. Tiketi za Desemba huisha haraka, zikatwe mapema mtandaoni, na nauli ya sasa ithibitishwe hapo hapo.

Kuingia Dar bila kukwama

Anayekwenda Kunduchi hana haja ya kupita katikati ya jiji. Kuna njia mbili:

- Shuka Barabara ya Morogoro hadi Mbezi Mwisho, kata kushoto kupitia Goba na Madale, utokee Tegeta. Kunduchi iko jirani.
- Au kata Chalinze kuelekea Msata, kisha Bagamoyo, uingie Dar kutokea kaskazini. Ni ndefu kidogo, lakini inakwepa foleni ya Kibaha, na Bagamoyo ni pazuri pa kupumzika.

Wa Kigamboni watapita Daraja la Nyerere, ambalo lina tozo.

Kabla ya kuwaahidi watoto, piga simu kwenye bustani yenyewe. Uliza siku za kufungua, kiingilio cha mtoto kwa kimo au umri, na kama chakula cha nje kinaruhusiwa. Hakuna kilio kibaya kama cha mtoto aliyesafiri siku tatu akakuta geti limefungwa.

Desemba ina mambo yake

Kagera hupata mvua kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka inaangukia kwenye utelezi na ukungu wa asubuhi. Mvua pia hukata barabara kuu kabisa. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Magole, karibu na Dumila, na barabara ya Morogoro–Dodoma ikafungwa. Mei 2023 daraja la Katonga, kati ya Masaka na Kampala, lilifungwa kwa sababu hiyo hiyo na magari yakazungushwa mbali. Fuatilia taarifa za barabara usiku wa kuamkia safari, kisha uamue.

Jambo la pili: Krismasi Wahaya walioko Dar wanarudi nyumbani. Familia inayotoka Kagera wiki hiyo inakwenda kinyume na mkondo. Faida ni kwamba upande wako una magari machache. Hasara ni kwamba upande wa pili una madereva waliochoka, wenye haraka, wanaoyapita malori na kukujia usoni. Washa taa hata mchana na usiende usiku.

Orodha ya usiku wa mwisho

- Pakua ramani ya njia nzima kwenye simu ili itumike bila bando. Ramani ikikuletea njia ya mkato usiyoijua, muulize mwenyeji kwanza. Nyingi ni za vumbi.
- Angalia matairi na la akiba, breki, wipa, jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto.
- Mtoto akae siti ya nyuma akiwa amefungwa mkanda. Kumpakata mbele hakumlindi, gari likigonga mikono ya mzazi haiwezi kumzuia.
- Simama kila baada ya saa mbili, hata kama watoto wamelala. Anayepumzishwa ni dereva.
- Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Trafiki wa tochi wanajua hilo, na watoto wa vijiji hivyo nao wako likizo.
- Ndizi za kuchemsha, maji, mifuko ya matapishi na nguo moja ya kubadilisha vikae karibu, visizikwe kwenye buti.
- Weka pesa ya dharura pembeni, ya kulala usiku mmoja ambao haukupangwa.
- Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Ichaguliwe ipi?

Siku tatu au nne mkononi: Mwanza kwa wa Muleba, Kampala kwa wa Bukoba wenye hati zao tayari.

Wiki moja: Mwanza pamoja na Serengeti au Rubondo.

Siku kumi na zaidi: Dar es Salaam. Chini ya hapo, siku sita kati ya hizo zinaishia barabarani, na watoto watakumbuka siti ya nyuma kuliko maji ya Kunduchi.