Orodha ndani ya Markdown: nafasi tupu ina nguvu kuliko namba

Markdown ni namna ya kuandika maandishi ya kawaida na alama chache, kisha programe inayageuza kuwa ukurasa wenye vichwa na orodha. John Gruber, Mumarekani, aliitoa mwaka wa 2004, akisaidiwa na Aaron Swartz. Leo inatumiwa sana kwa kuandika maelezo ya programe: namna ya kuiweka ndani ya ordinatere, na nini ya kufanya ikikataa. Vijana wa Goma, Bukavu ao Bunia wenye kusoma informatike wanaikuta mara kwa mara. Hata mutu wa WhatsApp anajua kitu karibu sawa nayo: tangu 2024, ukianza mustari na kistari kisha nafasi moja, inatoka orodha.

Nafasi ile moja ni sheria ya kwanza. Alama inaweza kuwa «-», «+» ao «*», lakini ukiandika «-maji» bila nafasi, inabaki maandishi tu. Chagua alama moja na uikamate mupaka mwisho, juu programe nyingi zinahesabu kubadilisha alama kuwa kuanza orodha ingine.

Kwa orodha ya namba, unaandika namba, nukta, nafasi. Hapa watu wengi wanashangaa: programe ya Gruber haiangalie namba ulizoandika. Andika 3, 8, 5, itatoa 1, 2, 3. CommonMark, sheria zilizoandikwa kuanzia 2014 juu zile za Gruber ziliacha maulizo mengi, inaheshimu namba ya kwanza tu. Njo maana waandishi wengi wanaweka «1.» kwa kila mustari, programe ijihesabie yenyewe. Ni tabia nzuri, ila iko na mutego.

Tuseme unaandika maelezo ya kufunga umeme wa jua ku nyumba. Regulatere nyingi zinaomba batri iunganishwe kwanza, ili zijue kama ni ya volti 12 ao 24. Pano inakuja nyuma. Unaandika hatua ya batri na «1.», unaruka mustari, unaweka onyo: «Angalia usigeuze waya wa plus na wa moins.» Unaruka tena mustari, unaandika hatua ya pano, nayo na «1.». Lakini onyo uliliacha pembeni kabisa, upande wa kushoto. Kwa programe, orodha imekwisha pale. Pano inafungua orodha mupya, nayo inakuwa namba 1. Musomaji anaona namba 1 mbili, na kule chini unamuambia «rudia hatua ya 2», yenye haiko. Mwenye kuwa juu ya paa na telefone mukononi atachagua ya kwake.

Dawa ni kusukuma onyo liingie chini ya maneno ya hatua yake. CommonMark inapima kufikia herufi ya kwanza ya maneno: nafasi mbili kwa «- », tatu kwa «1. », ine kwa «10. ». Gruber aliomba ine. Basi weka ine kila mara, inapita pande zote mbili, hata kwa orodha ndogo ndani ya kubwa. Usizidishe ovyo: nafasi saba chini ya «1. », kisha mustari mutupu, onyo lako litageuka kuwa kodi.

Mbele ya orodha, acha mustari mutupu. Programe zingine zinasamehe, zingine hapana. Na uchunge miaka: aya yenye kuanza na «1960. Kongo inapata uhuru» inahesabiwa kuwa orodha, na programe ya zamani itaandika 1 pahali pa 1960. Weka «\» mbele ya nukta: «1960\.»

Mwenye kuhamia kwa reStructuredText, luga ya maelezo ya Python, atakuta ukali zaidi. Mustari mutupu mbele na nyuma ya orodha ni lazima, na vilevile kwa orodha ya ndani. Bila huo, orodha ya ndani inamezwa na maneno ya juu yake. Ile tabia ya «1.» kila pahali haipite kule, juu namba isiyofuatana inaanzisha orodha ingine. Ukitaka ijihesabie, andika «#.».