Sinema ya Mtu Mmoja: Historia ya Skrini Kubwa Inayovaliwa Usoni

Kwa jicho la mtazamaji, ukubwa wa skrini hauhesabiwi kwa mita wala kwa inchi bali kwa pembe, yaani uwazi uliopo kati ya mistari miwili inayotoka jichoni na kuishia kwenye kingo mbili za picha. Runinga ya inchi 75 iliyo umbali wa mita 2 na skrini ya inchi 750 iliyo umbali wa mita 20 hujaza pembe ileile, takriban digrii 45, na kwa pembe pekee jicho halina njia ya kuzitofautisha. Kutokana na kanuni hiyo, kioo kidogo kuliko kiganja kinaweza kuonekana kama ukuta wa jumba la sinema kikisogezwa karibu na uso, mradi kiwepo kipande cha lenzi cha kulisaidia jicho, ambalo kwa maumbile yake haliwezi kuona sawasawa kitu kilicho sentimita chache tu mbele yake.

Matumizi ya kanuni hiyo yalitangulia umeme wa majumbani. Mwaka 1838 mwanasayansi Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza stirioskopu, chombo kinachoonyesha kila jicho picha yake ili ubongo uziunganishe na kuona kina, na baadaye David Brewster akakifanya kidogo kwa kutumia lenzi, hata kikawa kivutio katika Maonesho Makubwa ya London ya mwaka 1851. Picha zilipoanza kutembea, zilianza pia kwa mtu mmoja: Kinetoscope ya kampuni ya Edison, iliyofunguliwa kwa umma jijini New York mwaka 1894, ilikuwa sanduku la kuchungulia lililomhudumia mtazamaji mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata ndugu Lumière walitoza kiingilio jijini Paris na kuwaonyesha watu wengi filamu moja ukutani, na kwa kuwa mashine moja sasa iliweza kujaza ukumbi mzima, biashara ikahamia huko.

Wazo la kumrudishia mtazamaji mmoja picha yake, safari hii bila kuupunguza upana wake, lilichukua sura mwaka 1957, pale Mmarekani Morton Heilig, mtengeneza filamu, alipoomba hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya kifaa cha kuvaa kichwani chenye mirija miwili midogo ya runinga, lenzi na vipaza sauti vya masikioni. Alipewa hataza hiyo mwaka 1960, lakini mirija ya wakati huo ilikuwa mizito mno kwa shingo ya mwanadamu. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kifaa kilichoongeza jambo jipya: mkono wa chuma uliotoka darini ulipima mwendo wa kichwa, na kompyuta ikaichora picha upya kwa kufuata mwendo huo, hivyo mchoro ukabaki mahali pake hata mvaaji alipogeuka.

Tangu hapo njia zikawa mbili. Njia ya kwanza ilitaka picha safi na kuacha mengine. Glasstron ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilikuwa miwani yenye paneli ndogo za fuwele kioevu, na picha yake ililinganishwa na runinga ya inchi 52 iliyo umbali wa mita 2. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilileta HMZ-T1, yenye paneli za OLED, ambazo kila nukta yake hutoa mwanga wake wenyewe na hivyo weusi huonekana mweusi kweli; ilitangazwa kuwa sawa na skrini ya inchi 750 kwa umbali wa mita 20. Kila jicho lilipata nukta 1280 kwa upana zilizotandazwa kwenye digrii 45, yaani takriban nukta 28 kwa kila digrii. Hata hivyo, picha ilikuwa imefungwa kichwani, na mvaaji alipogeuza shingo, skrini ilimfuata.

Njia ya pili, ya uhalisia pepe, ilitaka kumzungushia mvaaji dunia nzima ya kubuni. Oculus Rift ya Palmer Luckey, iliyochangiwa fedha na umma mwaka 2012, ilizitandaza nukta 640 za kila jicho kwenye pembe ya takriban digrii 90, ambazo ni nukta 7 tu kwa digrii, na mvaaji akawa kama mtu anayechungulia nje kupitia chandarua. Pamoja na kasoro hiyo, skrini ya kubuni ilisimama ukutani pake, na mtazamaji aliweza kuipa kisogo kisha akairudia. Ndiyo maana sinema zikahamia huko: mwaka 2015 Netflix ilifika kwenye Gear VR ya Samsung, na filamu ikaoneshwa ndani ya sebule ya kubuni yenye kochi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuongeza nukta. Miwani ya uhalisia pepe ya Quest 3 ya mwaka 2023 ilitangazwa kuwa na takriban nukta 25 kwa digrii, kwa hiyo skrini ya kubuni yenye upana wa digrii 45 ndani yake hupata nukta zipatazo 1125, pungufu ya zile za HMZ-T1 iliyoitangulia kwa miaka 12, ilhali jicho zima hukadiriwa kuweza kutofautisha nukta 60 kwa digrii. Apple Vision Pro, iliyouzwa Marekani kuanzia Februari 2024 kwa dola 3,499, ilibeba nukta milioni 23 ili kuipunguza tofauti hiyo, nayo ilinadiwa kwa skrini inayohisika kuwa na upana wa futi 100, sawa na mita 30. Kwa msomaji wa historia hii, mita hizo hazielezi kitu mpaka zitajwe pamoja na umbali wa skrini na idadi ya nukta zinazoijaza pembe yake.