Ford, Texas na Wale Wasiotajwa: Historia Fupi ya Model T



Watoto wetu wanaosoma shule za hapa Dallas na Houston hurudi nyumbani na hadithi kwamba eti Henry Ford ndiye aliyevumbua gari. Tusiwaache nayo. Karl Benz, Mjerumani, alipata hataza ya gari lake la injini mwaka 1886, na hapa Marekani kwenyewe Ransom Olds alishauza Oldsmobile kwa maelfu kabla kampuni ya Ford haijasajiliwa Detroit, Juni 1903. Alichofanya Ford ni kitu kingine, na kwa maoni yangu ni kikubwa zaidi: aliligeuza gari kutoka pambo la tajiri likawa chombo cha mkulima. Swali la mwanahistoria ni hili: aliligeuza kwa nini na kwa mikono ya nani?

Tuanze na gari lenyewe. Model T ilitoka Oktoba 1908, injini ya silinda nne, nguvu za farasi 20, bei dola 850. Dereva wa leo akipandishwa humo atachanganyikiwa. Pedeli zilikuwa tatu: ya kushoto kwa gia, ya katikati kwa kurudi nyuma, ya kulia breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa pembeni ya usukani. Miaka ya mwanzo hakukuwa na stata, injini iliwashwa kwa kupigwa hendeli kutoka mbele, na ole wako ikirudisha, mkono ulivunjika. Tangi la petroli lilikaa chini ya kiti na mafuta yalishuka kwenye injini kwa uzito wake tu bila pampu, kwa hiyo kwenye mlima mkali, tangi likiwa halijajaa, watu walipanda kinyumenyume! Lakini lilikuwa jepesi, chuma chake kigumu, limenyanyuka juu ya matope, na fundi wa kijijini aliweza kulitengeneza kwa koleo na spana.

Mwaka 1913, kiwandani Highland Park, Ford alianzisha mstari wa kuunganishia unaotembea. Kazi ya kuunganisha chesi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikashuka hadi kama saa moja na nusu. Mfanyakazi hafuati gari tena, gari linamfuata yeye. Matokeo? Watu walikimbia. Mwaka huo huo idadi ya walioacha kazi na kubadilishwa ilifikia asilimia 370 ya nafasi zilizokuwapo. Ndiyo maana Januari 1914 Ford akatangaza dola tano kwa siku ya saa nane. Watu wengi huisimulia kama sadaka. Haikuwa sadaka hata kidogo, ilikuwa dawa ya kuzuia watu wasikimbie, tena ilikuwa na masharti: maofisa wa kampuni waliingia majumbani mwa wafanyakazi kuangalia kama wanakunywa, wanaweka akiba, wanaishi na nani. Sisi tuliosoma habari za makampuni ya migodi kule Katanga tunaujua mtindo huo wa mwajiri kuingia mpaka chumbani.

Sasa tuje Texas. Januari 10, 1901, kisima cha Spindletop karibu na Beaumont kilipasuka, na kwa siku tisa kikarusha mafuta yanayokadiriwa mapipa 100,000 kwa siku. Wakati huo magari mengi ya Marekani bado yalikuwa ya mvuke au ya umeme. Petroli ya bei chee ilisaidia sana kumaliza mabishano. Pasipo visima vya namna hiyo, Model T ingebaki ndoto nzuri ya fundi wa Michigan.

Ford naye akaja alipo mnunuzi. Kusafirisha gari zima kwa reli ni kusafirisha hewa, behewa moja lingebeba magari machache tu. Vipuri vikipangwa vizuri, behewa hilo hilo hubeba mengi. Kwa hiyo kampuni ilijenga matawi ya kuunganishia. Dallas, mwaka 1914, jengo lilisimama Canton Street, mtaa wa Deep Ellum, huko huko ambako Waafrika-Wamarekani walikuwa na maduka yao na ambako Blind Lemon Jefferson alipiga gitaa barabarani. Baadaye likawa kiwanda cha kofia cha Adam Hats, sasa ni nyumba za kupanga. Houston, Ford alijenga Harrisburg Boulevard, jengo ambalo kwa miaka mingi baadaye lilikaanga kahawa ya Maxwell House. Mwaka 1925 kazi ya Dallas ilihamia East Grand Avenue, ikaendelea mpaka 1970. Fort Worth nao walijaribu la kwao, gari liitwalo Texan, lakini kufikia 1922 limekufa. Kushindana na mtu anayeshusha bei kila mwaka si mchezo: katikati ya miaka ya 1920 Model T iliuzwa chini ya dola 300. Ilipokoma kutengenezwa Mei 1927, zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 15.

East Grand ina habari ambayo wenyeji wengi wa Dallas hawaijui. Mwaka 1937 chama cha wafanyakazi wa magari kilipoanza kunyemelea kiwanda hicho, kampuni iliunda kikosi cha wapigaji. Walifuata watu mitaani, si wafanyakazi wa Ford tu. George Baer, mratibu wa chama cha watengenezaji kofia, alipigwa hadi akapoteza jicho. Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ilisikiliza mashahidi, na mwaka 1940 ikaitia kampuni hatiani. Ford hakutia saini mkataba na chama mpaka 1941. Kumbe huyu ndiye "rafiki wa mfanyakazi" wa vitabu vya shule!

Na sisi tuko wapi humu? Tupo, tena tangu mwanzo. Gari halitembei bila mpira. Novemba 1908, mwezi mmoja tu baada ya Model T kutoka, Kongo ilivuliwa mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Ulaji ule wa mikono na roho za watu ulichochewa na kiu ya dunia ya tairi, za baiskeli kwanza, kisha za magari. Kwetu Tanga Wajerumani walipanda mipira pia, bei ikaanguka 1913 na mashamba yakaachwa. Kisha ikaja Vita Kuu, na Ford zikaingia Afrika Mashariki nyuma ya jeshi la Waingereza, kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Palipomshinda Ford kwa matope, mzigo ulirudi kichwani mwa mpagazi. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu. Jina lao limebaki Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Jina la gari liko kila mahali.

Sisemi Ford hakuwa na akili. Alikuwa nayo. Nasema mtoto akifundishwa mvumbuzi mmoja bila kisima, bila mpira, bila jicho la Baer na bila kichwa cha mpagazi, amefundishwa tangazo la biashara, si historia.

Ombi langu: mwenye mzee aliyewahi kuwa dereva, fundi au taniboi kabla ya Uhuru, amhoji sasa na aandike. Wazee wanatutoka, na nyaraka za Detroit hazina sauti zao.