Chumvi, Pamba na Mashudu: Simiyu katika Soko la Majirani

Tanzania ni kubwa kuliko Kenya na Uganda zikiwekwa pamoja, lakini kwa muda mrefu ukubwa huo haukuipa sauti sokoni. Anayetaka kujua sababu aitazame biashara ya Afrika Mashariki akiwa Bariadi, mkoani Simiyu.

Kabla ya ukoloni, Wasukuma walifunga safari za kiangazi kwa miguu, wakaikata nyika ya Meatu hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Chumvi hiyo ilibadilishwa kwa nafaka na mifugo, nayo majembe yalitoka kwa wafua chuma Warongo, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Njia ilikuwa ya hatari, ila aliyebeba mzigo ndiye aliyepatana bei.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mamlaka hayo ya kupatana bei yalihama. Mazao ya kusini mwa Ziwa Victoria yalipakiwa melini hadi Kisumu, kisha yakateremka Mombasa. Treni kutoka Tabora haikufika Mwanza hadi mwaka 1928, na wakati huo Tanganyika ilikuwa tayari imo katika umoja wa forodha na majirani zake. Viwanda vilistawi Nairobi. Usukuma ukapewa kazi ya kulima pamba.

Wakulima hawakukaa kimya. Walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kinara. Shirikisho lilinunua pamba, likamiliki hata vinu vya kuichambua. Kwangu mimi, hilo ni tukio kubwa kuliko mikataba mingi iliyotiwa saini na marais, kwa kuwa bei ilirudi mikononi mwa mwenye jasho. Inauma kwamba mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ilivivunja vyama hivyo.

Mikataba ya majirani nayo ilijaribu kusawazisha soko. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yalikusudia kugawa viwanda, na Mkataba wa 1967 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliruhusu nchi iliyozidiwa kutoza kodi bidhaa za jirani. Haikutosha. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa 1999, na soko la pamoja likaanza 2010. Simiyu, mkoa tangu 2012, unaongoza nchini kwa pamba, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi. Mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu ya Tanzania huvuka mpaka kulisha ng'ombe wa maziwa wa Kenya. Maziwa ya Kenya nayo yamepangwa madukani kwetu. Ndiyo maana naithamini hatua ya Meatu ya kusindika maziwa yake, na ya Maswa ya kutengeneza chaki. Kinachodaiwa sasa ni mtaji kwa vyama vya msingi vya ushirika vya Bariadi na Itilima, vimiliki tena vinu na mashine za kukamua, ili mashudu yapatanwe bei hapa kabla lori halijaelekea mpakani Sirari.