Simba, Chui na Ndovu

Mfugaji wa Hulugho, Garissa, akiambiwa simba ameonekana, huhesabu ng'ombe wake kwanza. Msitu wa Boni uko upande wa kusini. Ndovu na chui kwake ni nyayo mchangani. Kigeni ni bahari. Kumbe wanyama hao hao ndio walioipa majina flotila changa ya Kenya.

Jeshi la Wanamaji lilizinduliwa Mombasa tarehe 15 Disemba 1964, miaka miwili baada ya kuvunjwa kwa lile la wakoloni lililohudumia Afrika Mashariki. Lilianza na mtumba: boti ya Kiingereza, Aberford, iliyobatizwa Nyati. Kisha mwaka 1966 zikaja tatu mpya kutoka kiwanda cha Vosper: Simba, Chui na Ndovu. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 31, mizinga miwili ya milimita 40, na nafasi ya mabaharia ishirini na ushei, waliolala wakigusana mabega.

Humo ndimo Wakenya walimosomea. Uingereza baadaye iliunda boti za aina ya Archer, za mita 20 na kidogo, ambazo kwa miaka mingi ziliwafundisha wanafunzi wa vyuo vikuu ubaharia. Kenya ya 1966 haikuwa hata na chuo kikuu chake. Nairobi ilikuwa tawi tu la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo darasa lilikuwa sitaha yenyewe: vijana walishika usukani, redio na injini huku maofisa wa Kiingereza walioazimwa wakiamuru. Ni mwaka 1972 tu ambapo Mkenya, Kimaro, alikabidhiwa jeshi zima.

Miaka hiyo Hulugho haikuwa na la kusherehekea. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki tangu Disemba 1963, vita vya Shifta vikiendelea, na serikali iliyofika huku ilikuja kwa lori na buti. Boti zilikuwa habari ya redioni, kwa mwenye redio.

Mamba alifuata mwaka 1974, kisha majina ya porini yakaachwa: Madaraka, Jamhuri, Harambee. Septemba 2012 wanamaji wa Kenya walishuka ufukweni Kismayu, mji ambao wafugaji wa Garissa wamekuwa wakifanya nao biashara ya ng'ombe tangu zama za babu zao.