Kutoka Fiat za Jehanamu hadi taa ya njano: historia ya moshi wa Kitonga

Wiki hii hapa Mkwawa tulikuwa na mada ya barabara na reli za miaka ya 60 na 70, na mada yenyewe ikaishia TAZARA. Mimi naona bado kuna kipande kimebaki, na kipande hicho kinapanda Kitonga usiku na mchana. Ngoja nikimalizie hapa.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake wa walowezi kule Rhodesia. Zambia ilikuwa inapata mafuta kupitia huko, ikabanwa. Basi mafuta yakaanza kupita kwetu: mapipa juu ya malori, kutoka Dar kupitia Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Barabara ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika, na malori yalikuwa yanaanguka kiasi kwamba ikabatizwa Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, na Fiat zake zikawa sura ya barabara hii. Bomba la TAZAMA likaanza kazi 1968, lami ikaja, TAZARA ikakabidhiwa 1976. Lori halikuondoka.

Sasa angalieni lori lenyewe. Dizeli ya wakati ule ilikuwa chuma kitupu. Pampu inasukuma mafuta, nozeli zinarusha, basi. Umeme ulikuwa wa stata, taa na honi. Injini ikishawaka, hata betri ikifa safari inaendelea. Fundi alikuwa anatumia sikio, pua na macho. Moshi mweusi maana yake mafuta mengi, hewa kidogo, na huku Mbeya kwenye mita 1,700 hivi hewa yenyewe ni nyepesi. Moshi ndio ulikuwa ripoti ya gari.

Huko Ulaya mambo yakageuka. Kiwango cha Euro 4 kwa malori mapya kilianza 2005, Euro 5 ikafuata 2008, Euro 6 mwaka 2013. Moshi ukawekewa ulinzi. Kwenye malori mengi ya Euro 5 kuna tangi dogo la AdBlue, yaani maji yenye urea asilimia 32.5. Yanapulizwa kwenye ekzosi yenye moto, yanatoa amonia, na amonia ikifika kwenye masega inageuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Sensa inapima kinachotoka. Kompyuta ikiona hewa chafu haipungui, inawasha taa ya njano na inaweza kupunguza nguvu ya injini. Malori hayo yakishatumika Ulaya, mengine huishia kwenye barabara yetu.

Hapo ndipo kasheshe. Lori lina tani zake za mzigo, liko katikati ya Kitonga, nguvu inakata. Fundi anachomeka mashine, inatoa namba ya kosa: sensa ya oksidi za nitrojeni. Sensa inanunuliwa, bei yake ni ya kulia, inafungwa. Taa inarudi!

Sisi wa historia tunajua shahidi akisema jambo, unauliza kwanza amelijuaje. Namba ya kosa ni shahidi. Inasema kompyuta haikupata taarifa iliyoitegemea. Haisemi kosa liko wapi. Inaweza kuwa sensa kweli, lakini pia soketi iliyoingia maji, waya uliosuguliwa na chasisi, fyuzi, au waya wa bodi wenye kutu. Fundi umeme mzuri anaanza na mita. Anapima umeme unaofika kwenye sensa huku hita yake inafanya kazi, kwa sababu waya mbovu bila mzigo unaweza kuonyesha volti 24 safi, ukipewa kazi unaanguka. Halafu anachomoa betri na kupima zile waya mbili zilizosokotwa ambazo vifaa vinaongelea. Kwa kawaida anatakiwa apate omu 60. Akipata 120, kizuizi cha mwisho mmoja hakisomeki. Ikikaribia sifuri, waya zimegusana. Ni dakika chache kabla ya kununua chochote.

Wengi hawafiki huko. Wanatoa masega, wanafunga kifaa cha kuidanganya kompyuta, gari linapanda. Siwacheki, maana dereva anadaiwa mzigo Tunduma. Lakini gharama haijafutika, imehamishiwa kwa wauza nyanya na vitunguu pale Ilula, wanaovuta ule moshi kutwa nzima. Na kisingizio cha mafuta mabaya kimepungua, maana Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kwa dizeli kilishushwa hadi salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: tangu 1965 barabara hii imebadilisha ugonjwa wa malori, ukatoka kwenye chuma ukaingia kwenye waya, na ufundi tunaoriithisha gereji chini ya mti bado unasikiliza chuma. Kijana wa gereji pale Uyole hana shida ya akili. Anahitaji mita, mchoro wa waya na mtu wa kumfundisha kuutilia shaka ushahidi. Sisi tunaosomea ualimu tusidhani hilo ni la VETA peke yao. Sheria ya Ohm inafundishwa sekondari, na mwanafunzi wa Makambako ana maabara inayopita mbele ya shule kila dakika.

Nawasilisha. Alhamisi kuna test, tuombeane.